Kililia Mara Moja

Fadhila binti Idi alijifunza kusoma chini ya gari. Shuleni alipelekwa kama watoto wote wa mtaa wa Buyenzi, lakini ukimuuliza herufi zilimwingilia wapi, atakuambia ni katika gereji ya baba yake, amelala kifudifudi juu ya gunia, kitabu cha injini kimefunguliwa mbele ya pua yake, na miguu ya baba yake imechomoza upande wa pili wa gari. Idi hakujua kusoma hata jina lake. Mikono yake ilijua kila kitu, ila magari yalikuwa yanabadilika, na mikono peke yake ilikuwa imeanza kukosea.

"Soma," Idi alikuwa akisema, na mtoto alisoma Kifaransa ambacho nusu yake hakukielewa: kaza boliti ya kwanza, kisha ya nne, kisha ya pili, kwa nguvu kiasi fulani. Idi alikaza hivyo hivyo. Ufunguo ukizungushwa, gari liliwaka. Miaka saba walifanya kazi namna hiyo, mmoja macho na mmoja mikono, na kitabu hakikuwadanganya hata siku moja. Kama kuna mahali ugonjwa wa Fadhila ulianzia, basi ni hapo. Alikua akijua kwamba watu husema uongo, na majirani, na wachumba pia, na wachumba hasa. Lakini kitabu cha fundi? Kitabu cha fundi kingesema uongo ili kipate nini?

Alipomaliza chuo, akiwa na diploma ya mambo ya kompyuta na bila kazi, akaja Sylvère. Sylvère alikuwa amemfundisha mwaka mmoja chuoni, kisha akafungua atelye, yaani karakana, yake mtaani Gihosha, ya kutengeneza visanduku vya kupima maji. Alifika Buyenzi siku ya Ijumaa baada ya sala, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akanywa chai mpaka majani ya chini. Yeye Mkatoliki, lakini alijua kukaa katika nyumba ya watu.

"Muzee Idi," alisema, "munipatie huyu mutoto. Nitamuchunga kama wangu."

Idi alitazama soli za viatu vya mgeni pale mlangoni, zilizopangwa vizuri, akaona ni mtu wa adabu. Akampa. Tangu siku hiyo Fadhila alimwita Sylvère "Mwalimu", na alimaanisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya kila kisanduku kuna kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta kuna kile kiini cha mfumo kinachozungumza na vyuma moja kwa moja, wenyewe wanakiita kerneli. Fadhila aliandika programu za chini kabisa, zile zinazokaa kati ya kiini na chuma na kukiambia chuma: lala, amka, sikiliza, piga kelele. Huko chini hakuna picha wala vitufe vya rangi. Ukikosea, hakuna anayekuambia umekosea. Hakuna mtu anayeandika kila kitu mwenyewe huko. Unatumia maktaba, yaani furushi la amri ambazo wengine wameshaziandika, na furushi huja na mwongozo wake unaoeleza kila amri inafanya nini. Huoni ndani ya furushi. Unasoma mwongozo, unaamini, unaendelea.

Furushi lao lilitoka ng'ambo pamoja na kompyuta zenyewe. Mwongozo ulikuwa wa Kiingereza, na Sylvère aliutafsiri kwa mkono wake kwa Kifaransa, kurasa arobaini, akampa kila mfanyakazi fotokopi iliyobanwa na pini. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuchoka kuirudia.

"Fadhi, mwanangu, atelye haiendeshwe na kichwa ya mutu. Inaendeshwa na karatasi. Soma, fuata, jaribu, saini."

Na kweli kila kisanduku kilikuwa na karatasi yake. Juu imeandikwa ukurasa wa mwongozo uliotumika, katikati matokeo ya jaribio, chini sahihi mbili: ya aliyeandika programu, na ya Sylvère, aliyesoma programu hiyo mstari kwa mstari baada yake. Jaribio lilikuwa ni kukitumbukiza kipimo katika beseni la maji. King'ora kikilia, Régis, fundi wao wa kuchomelea, aliziba masikio na kutukana kidogo, Fadhila alisaini, kisanduku kikazimwa na kufungwa kwa safari. Hakuna aliyewahi kukitumbukiza mara ya pili. Kwa nini? Kimelia, si kimelia?

Ukurasa wa kumi na saba ulieleza amri ya kulaza kisanduku ili kisimalize betri. Ulisema: ukikilaza kwa amri hii, maji yakigusa kipimo kitaamka, na agizo la kuamka linabaki hadi umeme uzimwe. Fadhila aliisoma sentensi hiyo mara nyingi hata angeweza kuiimba. Aliifuata neno kwa neno katika kisanduku cha Carama, mtaa wa pembezoni mwa mji.

Carama wanakaa watu wa kila namna, na upande wa chini, kabla ya mashamba ya mchicha na mihogo, kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira ndani yake. Mvua ikinyesha milimani, hata kama Carama kwenyewe jua linawaka, maji yanashuka ghafla yakiwa na mawe na miti. Kwa hiyo watu wa pale walikuwa na zamu. Siku za mvua, kila nyumba ilitoa mtu mmoja wa kukaa juu ya jiwe kubwa ukingoni, na fimbo na bidoni tupu, dumu la plastiki. Anatazama rangi ya maji. Yakibadilika kuwa mekundu, anapiga bidoni, na watu wanahama na mbuzi wao. Walikuwa wanafanya hivyo tangu enzi za wazee wao. Mwenye kuipanga zamu alikuwa mama mmoja mjane, Consolate, mwenye nyumba ya mwisho karibu na korongo na mbuzi wawili aliowazungumzia kuliko watoto wake.

Kisanduku kiliwekwa juu ya bati la Consolate, pamoja na paneli ya jua, na waya ukashuka hadi kwenye kipimo kilichochimbiwa ndani ya korongo. Kwa shukrani Régis alimwachia soketi moja ya kuchaji simu, na majirani wakawa wanamletea simu zao. Siku hiyo Fadhila alisimama uani mbele ya watu kama ishirini na kuwaeleza.

"Sasa tukikiamini hiki kisanduku yako," aliuliza Consolate, "zamu tunaacha?"

"Muache, mama. Mupumzike," Fadhila alijibu, akicheka. "Hii haisinziake, haichokake, haiendake kwa harusi ya watu ikasahau kazi."

Watu walicheka, kwa kuwa kila mmoja alimjua mtu aliyewahi kukimbia zamu yake kwa ajili ya harusi. Consolate hakucheka sana. Alimshika Fadhila mkono akamwangalia usoni.

"Wewe ni mutoto ya Muzee Idi wa Buyenzi? Alitengenezaka pikipiki ya mume wangu, Mungu amurehemu. Basi neno yako imenitosha."

Mwezi Machi maji yalishuka, si mengi, na kisanduku kilipiga king'ora hadi mbwa wa Kinama, mtaa wa jirani, wakaitikia. Watu walihama, maji yakapita, wakarudi. Consolate alimpigia Fadhila simu kumwombea baraka. Jiwe la zamu likaanza kuota majani pembeni. Bidoni la zamu, mtu mmoja alilichukua akalitumia kuchotea maji ya kunywa.

Mwezi Aprili, saa tisa alasiri, maji yalishuka tena. Kisanduku kikanyamaza kimya.

Hakufa mtu, wacha niseme hilo mapema, maana ndilo jambo pekee jema katika habari hii. Kuta za nyuma za nyumba tisa zilianguka. Darius, jirani wa Consolate, aliangukiwa na ukuta akavunjika mguu. Mbuzi wawili wa Consolate walikuwa wamefungwa chini, mle mle korongoni kwenye majani mazuri, kwa sababu sasa kulikuwa na kisanduku. Walikutwa siku ya pili mbali sana, kamba zikiwa bado shingoni.

Fadhila alikwenda Carama asubuhi iliyofuata kukichukua kisanduku na kipimo chake. Alikuta jambo ambalo hakulitarajia. Watu walikuwa wanaondoa matope kwa majembe, wanaitana, wanasaidiana, lakini ua wa Consolate ulikuwa na mtu mmoja tu, Consolate mwenyewe. Wanawake walipita njiani wakiangalia upande mwingine. Hakuna aliyemsalimia hata kwa amahoro, salamu ya kila siku. Darius, mguu umefungwa kwa mbao, alikuwa amekalishwa kwenye kiti mbele ya kilichobaki cha nyumba yake, na alimpigia Fadhila kelele kutoka huko huko.

"Muulize huyo mama! Betri yetu aliikula yote kwa kuchaji matelefone! Sisi tunakufa, yeye anachaji matelefone!"

Consolate alimpa mgongo. Alimsaidia Fadhila kushika ngazi.

"Mi soketi niliifunga siku tatu mbele ya maji," alisema kwa sauti ya chini. "Niliona mawingu. Lakini nani atanisadiki? Tangu jana hakuna mutu ananisalimia. Hata wenye nilizalisha watoto wao."

"Mama, nitaangalia. Kila kitu kimeandikwa ndani. Nitakuambia ukweli."

"Ile ya kwanza uliniambia pia ilikuwa ukweli?"

Fadhila alipanda, akakifungua kisanduku kwenye bati. Alishuka na kisanduku mgongoni kama mtu anayebeba maiti ya mtoto wa wenyewe.

Huko atelye alifungua kumbukumbu za kisanduku. Betri, saa tisa alasiri ya siku ile: asilimia tisini na nne. Consolate hakuwa ameila. Umeme ulikuwapo, kipimo kilikuwa kizima, maji yalikigusa. Kisanduku kilikuwa kimelala tu, kama mlinzi aliyeshiba. Alimwendea Sylvère mbio, akiwa na furaha kidogo hata, kwa ajili ya yule mama.

"Mwalimu, si betri! Tisini na nne!"

Sylvère alikuwa anaandika ripoti ya mafuriko yale. Hakuinua kichwa.

"Ile ya betri usiiweke kwa rapport. Wenye kutoa pesa ya mradi wanakuja Jumamosi huko Carama. Rapport imekwisha: matumizi mabaya ya betri. Fupi, na inaeleweka."

Fadhila alidhani hakusikia vizuri. Kwa mtu uliyempenda kama mzazi, sikio hujitolea kukosea kwanza. Akarudi mezani pake, akachota maji kwenye beseni, akakitumbukiza kipimo. Kikalia. Régis akaziba masikio. Akangoja kisanduku kilale tena, kisha akafanya kitu ambacho katika atelye ile hakikuwahi kufanyika: akakitumbukiza mara ya pili.

Kimya.

Akakizima, akakiwasha, akakitumbukiza. Kikalia. Mara ya pili, kimya. Akafanya hivyo mpaka kola ya blauzi ikalowa jasho. Kila mara kililia mara moja tu. Akafungua mwongozo, ukurasa wa kumi na saba. Sentensi ilikuwa pale pale, haikutikisika: agizo la kuamka linabaki hadi umeme uzimwe. Basi akafanya lile ambalo mwongozo upo ili usilazimike kulifanya. Akafungua furushi lenyewe, akashuka ndani ya zile amri za watu wa ng'ambo, mstari baada ya mstari, siku nzima. Akaipata sababu. Ilikuwa fupi sana, ungeweza kuipita. Kisanduku kikishaamka, amri ile ile inalifuta agizo la kuamka. Ukitaka kiamke tena lazima uombe upya, kila mara. Haijaandikwa popote. Mwongozo ulisema linabaki. Amri yenyewe ilifanya lifutike.

Alilia. Tusimfiche, alilia pale mezani, na kilichomliza zaidi hakikuwa furushi. Alikuwa anamwona yule msichana wa miaka minane chini ya gari, akisoma kwa sauti boliti ya kwanza, ya nne, ya pili.

Kisha akakumbuka Kiriri. Huko juu, kwenye majumba yenye bustani, Sylvère mwenyewe alikuwa ameweka visanduku vitatu vya kupima matangi ya maji ya matajiri, kabla hajamwajiri mtu. Furushi lile lile. Navyo vilikuwa vinalia kila tangi likijaa, mwaka wa nne huu, bila kukosa. Mbona vya Kiriri havisahau? Programu zake zilikuwa kwenye kompyuta ya atelye, yeyote angeweza kuzifungua. Hakuna aliyekuwa amezifungua, kwa sababu kila mtu alikuwa na fotokopi yake.

Alifungua. Mstari wa kuomba upya ulikuwepo. Na pembeni yake, kama mafundi wanavyojiwekea neno la kukumbuka, Sylvère alikuwa ameandika maneno matatu na tarehe. *Le manuel ment.* Mwongozo unaongopa. Tarehe ilikuwa ya miaka minne nyuma, miezi mitano kabla ya ile Ijumaa aliyovua viatu Buyenzi. Na fotokopi ya Fadhila ilikuwa na tarehe yake kwenye jalada: mwaka uliofuata. Aliutafsiri uongo akiwa anajua ni uongo, akaubana kwa pini, akampa mtoto wa watu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba kinaweza kukuita mwanangu.

"Mwalimu, ulijua," Fadhila alimwambia, amesimama mlangoni kwake.

"Nilijua nini?"

"Ukurasa wa kumi na saba."

Sylvère alivua miwani. Hakukana. Pengine angekana ingekuwa nafuu.

"Miezi mitatu ya maisha yangu nilipotezaka kutafuta ile laini moja ya kuomba upya. Miezi mitatu! Hakuna mutu alinisaidia. Wenye kutengeneza ile kitu niliwaandikia, hawakujibu. Njo nikaiweka kwangu. Ni yangu."

"Na sisi?"

"Ninyi munakuja na vichwa vipya, mwaka mbili munaenda Kigali, munaenda Dar. Mimi nabaki hapa. Fundi akimaliza siri zake zote, kesho wanamusalimia kwa mulango tu. Nilingojea mambo ikukatalie, uje uniulize. Ningekuonyesha. Mi pia nilifunzwa vile."

"Haikunikatalia, Mwalimu. Ilikuwa inalia. Ningeuliza nini?"

"Ya Carama nilisahau kama ulitumia ule ukurasa."

Hapo ndipo kitu kilipokatika. Mpaka wakati huo moyo wa Fadhila ulikuwa bado unamtafutia mzee huyu kisingizio, hata kidogo. Alichomoa karatasi ya kisanduku kwenye faili na kuiweka mezani. Ukurasa wa kumi na saba, umeandikwa juu kabisa. Chini sahihi mbili, na ya pili ni ya aliyesoma programu mstari kwa mstari.

"Apana," alisema. "Hukusahau. Ulisoma, uliona hakuna ile laini, ukasaini. Na leo unasema ni mama Consolate."

Sylvère aliitazama sahihi yake.

"Juu ya yangu, ya kwanza ni ya nani?" aliuliza polepole. "Ukinivua nguo, Fadhila, na wewe uko ndani ya nguo ile ile."

Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo sababu liliuma. Karatasi ilisema: imejaribiwa. Mara ngapi, haikusema.

Jioni hiyo alimweleza baba yake. Idi siku hizi hatambai tena chini ya magari, anakaa kwenye kiti cha plastiki na kuwatukana vijana wanaotambaa. Alisikiliza yote, kerneli na furushi na ukurasa, na sijui alielewa nini. Alipomaliza kusikiliza alisema neno moja tu.

"Alikunywa chai yangu."

Akaingia ndani kutawadha.

Jumamosi watu wa Carama walikaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyobebwa hadi uani kwa Consolate, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akikichunga kisanduku. Wageni wa mradi walipewa viti vya plastiki. Sylvère alikuja na ripoti ndani ya bahasha ya plastiki. Consolate alikuwa amekaa mwisho wa benchi la nyuma, na benchi hilo lilikuwa na nafasi ya watu watano, lakini alikuwa peke yake. Amevaa kitenge chake cha Pasaka. Mtu aliyevaa hivyo kwenda kuhukumiwa, ungemtazama mara mbili.

Sylvère alipofungua bahasha, Fadhila alisimama na kile kisanduku mkononi. Aliomba beseni, na kwa kuwa hakuna aliyejua anataka nini, alipewa.

"Muangalie," alisema.

Akatumbukiza kipimo. King'ora kikalia, watoto wakashangilia. Akangoja kilale, akatumbukiza tena. Kimya. Watu walitazamana. Akatumbukiza mara ya tatu, ya nne. Ndege walikuwa wanasikika kwenye mihogo.

"Betri ilikuwa imejaa," alisema. "Siku ile ilikuwa tisini na nne kwa mia. Nimeileta, imeandikwa, nani anataka asome. Mama Consolate hakuila. Hiki kisanduku kinasahau. Kinalia mara ya kwanza, halafu kinasahau. Kitabu tulichopewa kilisema hakisahau, na kitabu kilikuwa kinaongopa. Huyu Mwalimu wangu alijua miaka minne. Na mimi nilisaini. Hapa, ni jina langu. Nilisaini kama nimejaribu, na nilijaribu mara moja."

Sylvère alirudisha ripoti ndani ya bahasha. Alimtazama Fadhila namna moja tu, kama baba aliyepigwa kofi na mwanawe sokoni, na Fadhila aliona aibu, ndiyo, hata baada ya yote, aibu ilimshika yeye. Kisha mzee akaondoka kwa miguu, akapanda njia ya juu, na wageni wa mradi wakabaki wanaulizana kwa Kifaransa.

Darius alikuwa anachora chini kwa fimbo. Wanawake wa benchi la mbele waligeuka kumtazama Consolate. Mmoja akainuka, akaenda akakaa karibu naye, halafu wa pili. "Mama Consolate, amahoro," mmoja alisema, kana kwamba wiki ile haikuwapo. Consolate hakuitikia. Alikuwa anamtazama Fadhila.

"Mara moja?" aliuliza.

"Mara moja, mama."

"Na huku kwetu, mutoto yangu, mvua inanyeshaka mara moja?"

Hakuna aliyecheka. Fadhila aliinamisha kichwa. Nimesikia watu wakilaumiwa mahakamani na misikitini, sijasikia lawama fupi kuliko hiyo.

Jumatatu alikuta kufuli jipya kwenye mlango wa atelye, na Régis akamletea vitu vyake kwenye mfuko. Aliwaandikia watengenezaji wa furushi. Walimjibu baada ya siku kumi na moja, mstari mmoja: asante, ukurasa utarekebishwa katika toleo lijalo. Wageni wa mradi walimwachia kisanduku cha Carama akitengeneze, na alikitengenezea Buyenzi, kwenye meza ya spana, na ule mstari wa kuomba upya ameuandika kwa mkono wake. Alikitumbukiza mara mia mbili. Vijana wa gereji walitaka kumfukuza kwa kelele. Idi aliwaambia wanyamaze.

Alipokirudisha Carama alikuwa na karatasi mpya mkononi, na mara mia mbili zimeandikwa. Consolate hakuichukua. Alichukua beseni. Alitumbukiza kipimo mwenyewe, kikalia. Akangoja, akatumbukiza, kikalia. Majirani walisikia wakaja. Wale wale waliompita bila salamu walimletea maji kwa bidoni, mmoja mmoja, wakamwekea miguuni, wakasema karibu mama, chukua na haya. Consolate aliyapokea maji, hao wenyewe hakuwapokea, akaendelea. Mara ya thelathini na kitu akanyoosha mgongo.

"Kiweke kwa bati," alisema. "Lakini zamu imerudi. Kila nyumba mutu mumoja. Na wewe uko mumoja. Siku yako ni Ijumaa, ukimaliza kusali."

"Mama, sasa hakisahau tena. Wallahi."

"Wewe unasadiki?"

Fadhila aliuliza bidoni la zamu liko wapi.

Basi Ijumaa ukipita Carama baada ya sala, mvua ikiwa imeshika milimani, utamkuta mtoto wa Idi amekaa juu ya lile jiwe, ushungi umelowa, fimbo mkononi na bidoni tupu kati ya magoti. Nyuma yake, juu ya bati, kiko kisanduku alichokitengeneza mwenyewe, kizima, kimejaribiwa mara mia mbili. Hakitazami. Anatazama rangi ya maji.